Studio ya picha katika zama za simu: maswali wanayoniuliza wapigapicha

Maswali haya yanatoka kwa wapigapicha wa mnato wenye studio za mitaani, kwa vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi, na kwa wajane na watoto wa mafundi waliotangulia mbele ya haki wakaacha makabati yaliyojaa negativu, yaani vipande vya mkanda ambamo picha ilinaswa. Mimi nilianza enzi za mkanda mweusi na mweupe, nikapitia maabara za rangi, na leo naishi kwa printa na skana. Nimeyakusanya hapa kwa sababu majibu mengi wanayopewa watu wetu ni ya kuwafariji tu, na faraja hailipi pango.

Je, ni kweli kazi ya studio imekwisha?

Imekwisha kwa sehemu, na lazima tuseme ni sehemu ipi. Studio ya mtaani ilikaa juu ya mafiga matatu: picha za pasipoti, kusafisha mikanda ya wateja (kuitoa picha kwa dawa), na picha za kumbukumbu, yaani mtoto aliyetimiza arobaini, Idi, Krismasi, mahafali, wachumba.

Figa la kwanza limevunjika. Ukienda NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa Tanzania, kujiandikisha, unapigwa picha palepale na kuchukuliwa alama za vidole. Leseni ya udereva ni hivyo hivyo. Zimebaki fomu za shule na ofisi chache zinazodai picha nne za kubandika, na hizo hazitoshi hata umeme. Figa la pili halipo tena, maana mikanda yenyewe haipo. La tatu limepata ufa lakini bado linabeba sufuria. Anayeniuliza kama afunge au aendelee, mimi humwuliza kwanza: mwezi uliopita, fedha iliyoingia ilitoka figa lipi? Ajibu kwa daftari, asijibu kwa kumbukumbu. Wengi wakishafungua daftari hawahitaji tena ushauri wangu.

Nani ametuua? Simu?

Simu ilikuja mwishoni. Kamera ya kwanza ya kidijitali ilitengenezwa mwaka 1975 ndani ya Kodak yenyewe, kampuni kubwa ya mikanda ya picha, kule Rochester, New York, na mhandisi aitwaye Steve Sasson. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6 na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Kampuni ilikijua ilichonacho, ila faida yake ilikuwa kwenye mikanda, karatasi na dawa, ikavuta miguu. Januari 2012 Kodak ikaenda mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika.

Lakini kwa fundi wa kwetu pigo la kwanza lilikuwa maabara za rangi, na hili tumelisahau haraka mno. Kabla yake fundi alikuwa anapiga, anasafisha na kuchapa mwenyewe. Rangi ilipoingia, akawa mpokea mikanda. Anaikusanya, anaipeleka mjini kwa mwenye mashine, anasubiri bahasha zirudi na kubaki na kiasi chake kidogo. Bado alionekana ana kazi, na mteja hakuona tofauti, lakini nusu ya ujuzi ilikuwa imeshahamia kwa mtu mwingine. Simu ilipokuja ilimkuta fundi aliyebakiwa na kubonyeza tu, na kubonyeza kila mtu anaweza.

Na tusijifanye sisi ndio wa kwanza kuonewa. Picha ya Mfaransa Daguerre, njia ya mwanzo ya kunasa sura kwa kamera, ilipotangazwa Paris mwaka 1839, waliokuwa wanachora sura za watu kwenye vipande vidogo vya kutia mfukoni walianza kukosa wateja. Baadhi yao waligeuka wapigapicha, wengine wakaajiriwa studio kupaka rangi picha na kuzirekebisha kwa brashi. Kazi yetu ilizaliwa juu ya kaburi la kazi ya wenzetu.

Ujuzi wa chumba cha giza una faida gani leo?

Kama unauliza faida ya fedha, ni ndogo. Wapo wanaolipia kuchapishwa kwa mkono, wengi wao wasanii na wageni, na hawawezi kulisha studio zote za mji mmoja.

Ila nieleze kilichokuwa kikifanyika mle ndani, maana vijana wengi hawajawahi kukiona. Unafunga mlango, unaziba ufa wa chini kwa kanga, unawasha taa nyekundu. Karatasi imeshapigwa mwanga kupitia negativu na bado ni nyeupe tupu. Unaizamisha kwenye trei ya dawa ya kwanza, unaitikisa polepole. Ndani ya dakika moja hivi vinaanza kujitokeza vilivyo vyeusi zaidi: nywele, mboni za macho, kivuli cha kidevu. Ukiitoa mapema, sura inabaki ya kijivu. Ukichelewa, mtu mweusi anakuwa hana macho wala pua, anakuwa giza. Kutoka hapo ni dawa ya kuzuia, dawa ya kugandisha, maji mengi, kisha kamba na vibanio. Siku inayofuata unanoa penseli mpaka ncha iwe kama sindano, unaweka negativu juu ya kioo chenye mwanga, unaziba chunusi na mikunjo nukta kwa nukta.

Aliyepitia hayo anajua jambo moja ambalo kamera haimfundishi mtu: ngozi nyeusi inataka mwanga wake, na kila ngozi nyeusi si sawa na nyingine. Mpigie picha bibi harusi wa Kimakonde akiwa na shela jeupe kando ya bwana harusi Mpare mwenye suti nyeusi, uone kama kamera itaamua yenyewe. Hiyo ndiyo sehemu ya ujuzi wa zamani inayouzika mpaka leo, na sioni wengi wakiifundisha.

Shikamoo mzee. Nina miaka 19, nataka kujifunza kazi hii. Wengine wananiambia nitapoteza muda. Unanishauri nini?

Marahaba mwanangu. Jifunze, ila usijifunze kazi hii peke yake. Anayekuambia leo kwamba picha za mnato tu zitakujengea nyumba hakutakii mema. Jifunze picha na video, jifunze kuhariri, jifunze kuchapa, na jifunze kuandika mkataba. Kisha tafuta fundi mkubwa ukae naye, hata kama vifaa vyake ni vya zamani, uangalie anavyowakalisha watu. Mtandaoni utafundishwa kila kitufe cha kamera. Namna ya kumtuliza mama mwenye aibu hutafundishwa huko.

Na usikopee kamera. Azima, kodi, fanya kwa zamu na mwenzako. Nimeona vijana wenye vipaji wakifanya kazi miaka kulipa deni la kamera ambayo ilipitwa na wakati kabla deni halijaisha.

Mteja ananiambia, "Mbona hata simu yangu inapiga?" Nimjibuje?

Mwambie ni kweli, inapiga, na inapiga vizuri. Ukianza kuikashifu simu ya mtu umeshampoteza, kwa sababu ameinunua kwa fedha yake na anaiona kazi yake kila siku.

Badala yake jiulize mwenyewe unauza nini. Zamani tuliuza uwezo wa kupata picha, maana kamera ilikuwa kwetu. Bei yetu yote ilijengwa juu ya hilo: postikadi mbili bei hii, picha kubwa ya ukutani bei ile. Tulitoza kwa nakala. Nakala leo haina bei, mtu anaituma kwa ndugu zake hamsini kabla hajatoka mlangoni kwako. Anayeendelea kutoza kwa nakala anauza kitu ambacho mteja anacho bure.

Kinachouzika ni kikao. Familia imekuja, watu tisa, babu ana miaka themanini na kitu. Mbele ya lensi mzee wa umri huo hukakamaa kama yuko polisi. Mpe kitu mkononi, bakora yake, tasbihi yake, au ampakate mjukuu. Mwulize alizaliwa wapi na nani alikuwa jirani yao. Akianza kusimulia, mabega yanashuka yenyewe. Kidole kiwe tayari. Binti mkubwa aliyenuniana na kaka yake usimweke kando yake, utaiona picha imegawanyika katikati. Mwenye miwani mwinamishe kichwa kidogo ili mwanga usirudi. Kazi hiyo ni ya dakika arobaini na simu ya mtu haiifanyi, kwa sababu mwenye simu ni mmoja wa familia na hawezi kuwapanga wazee wake.

Basi toza kikao, na ndani ya bei hiyo weka karatasi. Hili nalisisitiza sana. Asitoke mtu bila picha iliyochapishwa, hata moja. Mwulize mteja ana picha ngapi za marehemu baba yake zilizokuwa kwenye simu iliyoibwa. Swali hilo ni zito, liulize kwa heshima, lakini liulize.

Kuhusu hesabu: andika pango, umeme, wino, karatasi, usafiri na saa za kuhariri. Ongeza na kuchakaa kwa kamera, ambako wengi hukusahau. Shata, yaani kilango cha kamera kinachofunguka kila unapobonyeza, kwa kamera nyingi za kati hukadiriwa kudumu kati ya mibonyezo 100,000 na 200,000, na harusi moja inaweza kula 2,000. Gawanya bei ya kamera kwa harusi ilizobakiwa nazo, utajua kila harusi inakula kiasi gani cha kamera kabla hujala wewe. Pokea advansi ya nusu kabla ya siku. Andika saa za kazi, idadi ya picha na tarehe ya kukabidhi, na wote muweke saini. Maneno ya mdomo kwenye harusi yameshavunja urafiki mwingi.

Nipunguze bei ili nishindane na vijana wa mtaani?

Hapana. Kijana asiyelipa pango atakushinda kwa bei kila siku, na atakayemshinda yeye yuko njiani anakuja.

Akili mnemba je? Mteja sasa anajitengenezea picha yenye suti bila kuja studio.

Akili mnemba, au akili unde kama wasemavyo wengine, imewafikia hata wale waliotupokonya kazi. Vijana wa kuhariri na kubuni kadi za harusi, ambao juzi tu walikuwa wanatuonea huruma, sasa wananiuliza maswali yaleyale. Nawapokea kama wenzangu.

Hamu ya mteja kuonekana kama asivyokuwa haikuanza jana. Studio zetu zilikuwa na koti na tai za kuazimisha, zimetundikwa nyuma ya mlango, na kila mtu mtaani alizijua. Karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, miaka ya 1990 wapigapicha waliweka mapazia yaliyochorwa meli, ndege na maghorofa, na msafiri wa bara akapigwa picha kama anapanda ndege. Lamu, mpigapicha Omar Said Bakor alikata na kuunganisha picha kwa mkono akatengeneza vitu ambavyo leo wataalamu wa sanaa wanaviandikia. Kwa hiyo mimi simlaani anayetaka suti ya kompyuta.

Kuna mambo mawili ninayoyawekea mpaka. La kwanza ni kurudisha picha zilizoharibika. Ukiipa programu uso uliofutika, haiurudishi. Inabuni uso mwingine, unaofanana, wenye meno ambayo marehemu hakuwa nayo. Mjane anapokea picha, analia kwa furaha, na mwaka unaofuata watoto wanamjua baba ambaye si baba yao. Ziba mikwaruzo, rudisha weusi na weupe, lakini palipotoboka usoni mwonyeshe mteja na umwambie, "Hapa pametoweka, nikijaza nitakuwa nabuni." Achague yeye. Ukijaza, mpe na ile ya asili bila kuguswa.

La pili ni picha za msiba. Usitengeneze tukio ambalo halikuwepo, mtu amesimama na mama aliyekufa kabla hajazaliwa, halafu ukaichapa bila kusema. Wapo wanaolipa vizuri kwa hilo. Kama familia inaitaka na inajua, iandike nyuma ya karatasi kwamba ni ya kutengenezwa, kwa wino usiofutika. Miaka thelathini ijayo hakutakuwa na wa kuulizwa.

Baba ameacha maelfu ya negativu. Zinanuka na zinajaza chumba. Nizitupe?

Usitupe. Nakuomba. Nikiwa na nafasi ya kujibu swali moja tu katika haya yote, ningechagua hili.

Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948. Alipiga watu wa kawaida, makarani, mabibi wenye vitambaa vizuri, vijana na pikipiki zao, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaenda kufanya kazi serikalini na studio ikafungwa. Negativu alizitunza. Miaka ya 1990 picha zilezile za mteja aliyelipa hela ndogo zilitundikwa kwenye majumba ya sanaa ya New York na Paris, na Keïta akaziona hizo siku kabla ya kufariki mwaka 2001. Huku kwetu, Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kurithiwa na mwanawe Rohit, imebaki na picha za Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi ya 1964 na baada yake. Sisemi kabati la baba yako litakupa utajiri. Nasema ndani yake kuna nyuso za mtaa mzima, na wenye nyuso hizo au wajukuu wao wengi wao hawana nakala nyingine.

Ile harufu kama ya siki ni mkanda wenyewe unaoza. Joto na unyevu wa pwani huharakisha, na mkanda mmoja ukianza huambukiza wenzake, kwa hiyo zinazonuka zitenge leo hii. Zitoe kwenye vifuko vya plastiki, ziweke kwenye bahasha za karatasi, simamisha bahasha kwa wima ndani ya boksi, mbali na bati na mbali na sakafu. Shika pembeni tu. Usizioshe kwa maji wala spiriti. Bahasha ya zamani usiitupe hata kama imechanika, kwa maana jina, tarehe na namba ya stakabadhi viko pale, na negativu isiyo na jina ni picha ya mtu asiyejulikana.

Kisha anza kuziskani, ukianza na zinazonuka na zile za rangi, maana rangi hupauka kabla ya nyeusi na nyeupe. Kwa mkanda mdogo, skani ya nukta 2,400 hadi 3,200 kwa inchi inatosha. Huna skana? Kioo cheupe chenye mwanga chini, kamera juu yake kwenye stendi, lensi ya karibu, piga moja moja. Hifadhi nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nyumba nyingine kabisa.

Mimi nimeweka boksi dukani lenye nakala ndogo za picha za zamani. Watu wanapita, wanapekua, wananionyesha: huyu ni shangazi, huyu alikuwa kinyozi pale sokoni. Naandika jina papo hapo. Wengi huagiza ya ukutani. Hii imekuwa kazi halisi yenye wateja, na aliyekuja kutafuta picha ya bibi yake hajawahi kuniambia simu yake inapiga.

Picha ni mali ya nani, yangu au ya aliyepigwa?

Msichanganye haki ya kazi na haki ya sura. Kenya, kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi uliyoagizwa na mteja kwa malipo huhesabiwa kuwa umemhamishia hakimiliki, isipokuwa mkataba useme vingine. Ndiyo maana nasema andikeni mkataba. Tanzania sheria ni ya 1999, na ushauri wangu ni uleule: usiache jambo hilo likae hewani.

Sura ni jambo jingine. Kumweka mteja kwenye tangazo lako au ukurasani bila ruhusa yake kunaweza kukufikisha pabaya, maana Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na Tanzania ina ya taarifa binafsi ya 2022. Kwa mtoto, ruhusa itoke kwa mzazi na iwe ya maandishi. Hata lile boksi langu, mwenyewe akisema toa, natoa hapohapo.

Nina miaka 58, kompyuta siiwezi, macho yamechoka. Nifunge? Naona aibu.

Ndugu yangu, aibu ya nini? Hukushindwa na kazi. Kampuni yenye wahandisi na mabilioni iliyumba kwa jambo hilohilo. Miaka yote umewapa watu wa mtaa wako picha za harusi zao na za maiti zao, na hakuna anayekudai.

Kabla ya kufunga, jaribu njia moja: tafuta kijana anayejua kompyuta na hana mahali. Wewe una chumba, jina na jicho, yeye ana mikono ya kisasa. Gawaneni mapato kwa maandishi tangu siku ya kwanza. Nimeona ikifanya kazi pale mzee anapokubali kijana aguse kila kitu, na ikivunjika pale mzee anapomfanya kijana kuwa wa kufagia.

Ikishindikana, funga kwa utaratibu. Toa tangazo msikitini, kanisani na kwa mjumbe, uwape watu miezi mitatu waje kuchukua picha na negativu zao. Wasiokuja, zifungashe na orodha ya majina, uulize makumbusho au maktaba ya mkoa kama wanapokea, na wakikataa, mpe mtu wa familia anayejua ni nini anachoshika. Mashine za zamani usimuuzie wa vyuma chakavu kabla hujawapigia wenzako, kwani mara nyingi kuna anayetafuta kipuri. Mhuri wa studio baki nao.